Kisu cha urithi kutoka Japani kina kutu na kimenolewa upande mmoja tu: nimpe fundi au nikitundike ukutani?

"Habari mtaalamu. Tumeishi Osaka na mume wangu miaka kadhaa, sasa tumerudi Dar. Wakati tunaondoka mama mkwe alinipa kisu cha samaki kilichokuwa cha baba yake, mzee alikuwa na duka la samaki. Ni kizito, mgongo wake mnene, na karibu na mpini kuna maandishi ya Kijapani yamechongwa kwenye chuma. Tangu tufike kimefanya weusi na vidoadoa vya kutu nyekundu, makali yana pengo dogo, mpini una ufa na unacheza. Halafu kimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili umebonyea kama umeliwa. Fundi anayepita na baiskeli mtaani kasema kimeshaharibika ila akikipiga kwenye jiwe lake kitakaa sawa pande zote mbili, dakika tano tu. Mume wangu hataki kiguswe, anataka tukiweke kwenye fremu ya kioo ukutani maana ni urithi wa babu yake. Dada wa kazi alikijaribu kwa changu akasema kinakwenda kombo, yeye ni shoto. Je hiyo kutu ina sumu, watu wananiambia nitapata pepopunda? Kina thamani yoyote? Nifanye nini, maana nataka binti yangu aje akirithi na sasa ana miaka sita."

Dada yangu, nianze na la haraka kwa sababu huyo fundi wa baiskeli anaweza akapita tena kesho asubuhi: usimpe. Simsemi vibaya, wale jamaa kwa visu vya kawaida vya jikoni na mapanga wanafanya kazi nzuri na bei yao haiumizi, ila kwa hiki chako zile dakika tano alizokuahidi zinaweza kuondoa kitu ambacho hakirudi tena hata ukikipeleka Japani kwenyewe.

Nimesoma maelezo yako mara mbili na naona chini ya maswali yote kuna wasiwasi mmoja, hujui kama ulichopewa ni kizima au ni kibovu. Kwa ulivyoeleza ni kizima. Kimechoka, na hewa ya chumvi ya huku kwetu imekipiga, lakini karibu kila ulichokitaja kama ubovu ama ndivyo kilivyotengenezwa ama ni kitu kinachotengenezeka nyumbani kwa mkono.

Hicho kisu kwa maelezo yako ni deba, kisu cha Kijapani cha kukatia kichwa cha samaki na kumtoa kwenye mifupa. Ndiyo maana mgongo wake mnene hivyo, deba ya saizi ya kati ukiipima mgongoni karibu na mpini inaweza kufika milimita 6, nyingine 8 au 9, uzito wenyewe unasaidia kupita kwenye kichwa bila kupiga kama unapasua kuni. Na huo upande mmoja wa makali ni wa makusudi. Upande wa kulia una mteremko, upande wa kushoto ni bapa, na hilo bapa katikati limebonyezwa kidogo sana kama sahani bapa inavyobonyea, kwa hiyo anayesema "limeliwa" hajawahi kukutana na kisu cha aina hii tu. Ule mbonyeo una kazi mbili. Ya kwanza nyama haigandi kwenye chuma maana inagusa sehemu ndogo. Ya pili, na hii ndiyo kubwa, unapokilaza kwenye jiwe la kunolea upande huo kinachogusa jiwe ni ukingo mwembamba tu kuzunguka, basi unasawazisha makali bila kula chuma kingi. Kwa kufanya kazi nacho utaona faida yake ukishamtoa changu kichwa, ukalaza lile bapa juu ya mfupa wa mgongo na kuvuta: makali yanapita yameugusa mfupa wenyewe na nyama inabaki upande wako badala ya kubaki kwenye mifupa.

Huyo dada wa kazi naye hajakosea hata kidogo. Kisu chenye mteremko kulia kimetengenezwa kwa mkono wa kulia, na hata kwa mwenye mkono wa kulia kinapenda kujivuta kwenda kushoto mpaka mkono uzoee, sasa shoto akikishika ule mteremko unakuwa umekaa upande usio wake na kila kitu kinamkataa. Japani shoto wanatengenezewa vyao, na mara nyingi vinakuwa na bei juu zaidi kwa sababu vinatengenezwa vichache. Mwachie kisu chake cha kawaida, hiki si chake.

Sasa turudi kwa fundi na jiwe lake. Visu vingi vya aina hii havikufuliwa kwa chuma kimoja. Mhunzi anachukua chuma laini, anakipasha moto mpaka kinang'aa, anaweka juu yake kipande chembamba cha chuma kigumu chenye kaboni nyingi pamoja na unga wa kuunganishia, anapiga kwa nyundo mpaka viwili vinashikana vikawa kitu kimoja. Kile laini kinakuwa upande wa mteremko, kinabeba pigo na ndicho kinachofanya kisu kinoleke kwa urahisi, na kile kigumu kinakaa upande wa bapa, ndiko makali yanakotoka. Ukishasafisha kisu chako tazama upande wa mteremko kwenye mwanga, yawezekana ukaona mstari mwembamba, juu yake chuma kina ukungu ukungu na chini yake kinang'aa, hapo ndipo viwili vinapokutana. Baada ya kufuliwa kinapashwa tena na kuzamishwa kwenye maji kiwe kigumu, halafu kinapashwa kidogo kwa moto mdogo, usiozidi nyuzi 200 hivi za selsiasi, ili kisivunjike ovyo.

Jiwe la kuzungusha, liwe la baiskeli au grenda ya umeme, linaleta matatizo mawili. Moja ni joto. Makali ni membamba mno, na kama hayamwagiwi maji, kwa sekunde chache yanaweza kufika nyuzi 300, utaona rangi ya bluu inatokea pale pembeni, na rangi hiyo ikishatokea ujue ugumu aliouweka mhunzi umeondoka sehemu hiyo, kisu kitanoleka leo na kesho kutwa ni butu. La pili ni baya zaidi: fundi akitaka "kukiweka sawa pande mbili" atasaga upande wa bapa, na upande wa bapa ndiko kilipo kile chuma kigumu chembamba. Atakila. Akimaliza utabaki na makali ya chuma laini, na ule mbonyeo wa nyuma utakuwa umeharibiwa. Hapo hata mtaalamu wa miaka arobaini hana cha kufanya.

Kuhusu kutu, kuna kutu mbili na watu wanazichanganya. Ule weusi, au rangi ya kijivu inayoelekea bluu, ni ngozi inayojitengeneza chuma cha kaboni kikikutana na samaki, vitunguu, limao, embe bichi, na ngozi hiyo inakinga chuma kidogo, usihangaike nayo, wapishi wengi wanaiacha makusudi. Nyekundu ndiyo mbaya kwa sababu ina vitundu, inashika unyevu na chumvi, na chini yake inaendelea kuchimba. Lakini sumu haina, ni chuma na oksijeni tu, isipokuwa itaacha ladha ya chuma kwenye samaki mbichi na haipendezi. Na pepopunda haitokani na kutu jamani, inatokana na bakteria wanaokaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, msumari wenye kutu unasingiziwa kwa sababu mara nyingi unaukanyaga ukiwa kwenye uchafu. Ukijikata kidonda kirefu kwa kisu chochote, hata kipya kinachong'aa, na hukumbuki lini ulichanjwa mara ya mwisho, nenda kituo cha afya.

Kuiondoa hiyo nyekundu fanya hivi. Laza kisu kwenye ubao, makali yaelekee mbali na wewe, chini uweke kitambaa kilicholowa ili kisiteleze. Wapishi wa zamani wa Japani wanachukua kipande cha figili nyeupe, wanachovya kwenye poda ya kusugulia masufuria na kusugua nacho. Figili ukikosa kiazi mbatata kilichokatwa kinafanya kazi hiyo hiyo. Sugua kufuata urefu wa kisu, polepole, suuza, angalia, rudia. Vidoa vitakavyogoma chukua msasa wa maji namba 800 au 1000, uzungushie kwenye kizibo cha chupa au kipande cha mti, sugua kidoa chenyewe tu. Pale penye maandishi usipitishe msasa, yamechongwa kwa patasi ndogo na si ya kina, ukipenda sana usafi utayafuta. Na usikubali ushauri wa kukilaza usiku kucha kwenye siki, maji ya limao au soda nyeusi, najua mitandaoni wanaonyesha na kutu inatoka kweli, ila asidi haichagui, inakula na chuma kizima na utakuta kimebaki na mashimo mashimo.

Pengo lenyewe hukusema ukubwa. Likiwa chini ya milimita moja usilifukuzie, litaondoka lenyewe kisu kikinolewa mara kadhaa. Likiwa pale nyuma karibu na mpini inawezekana babu alikuwa anakatia vichwa hapo, wengi wanaacha sehemu hiyo iwe na makali manene kidogo kwa ajili ya mifupa, samaki wa kawaida utamkata vizuri tu.

Kunoa sasa, na hapa naomba uvumilivu maana ndipo watu wanapokata tamaa. Unahitaji jiwe la maji namba 1000 na lingine laini la 3000 mpaka 6000. Loweka lile la 1000 mpaka mapovu yaishe, robo saa inatosha, mengine ya siku hizi yanataka kumwagiwa maji tu basi soma karatasi yake. Laza ule mteremko wote kwenye jiwe, usibuni pembe, pembe ilishawekwa na aliyekitengeneza, kazi yako ni kuifuata. Weka vidole viwili vya mkono wa kushoto karibu na makali, sukuma na vuta, hamisha vidole kidogo kidogo kutoka ncha mpaka nyuma. Litatoka tope, usilioshe, tope ndilo linalonoa. Baada ya muda pitisha kidole gumba upande wa bapa, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, usikipitishe kwa urefu wa makali utajikata, utasikia kinyuzi cha chuma kimejikunja. Kikisikika urefu wote ndipo ugeuze, na upande wa bapa unakwenda kwenye lile jiwe laini peke yake, bapa lote limelala juu ya jiwe, hakuna kuinua hata kidogo, mara chache tena kwa mkono mwepesi. Ukiinua mgongo hata kwa unywele unaanza kutengeneza mteremko wa pili ambao hautakiwi, yaani unafanya ile kazi ya fundi wa baiskeli kwa mwendo wa pole. Malizia mteremko kwenye jiwe laini, kisha kwa deba inua mgongo kidogo sana upande wa mteremko na upitishe mara mbili tatu, makali yapate unene kidogo ya kuhimili mifupa.

Kabla ya hiki fanyia mazoezi kisu kingine cha bei rahisi. Jiwe lenyewe nalo likishabonyea katikati lisawazishe kwanza, jiwe lenye bonde linaharibu kisu kuliko mkono mbaya.

Mpini usikuumize roho kabisa. Wajapani wenyewe wanauhesabu kama kitu cha kubadilisha, kwa kawaida ni mti mwepesi wa magnolia na pete ya pembe ya nyati wa Asia pale mbele, na mkia wa kisu unapashwa moto na kupigiliwa ndani, hamna msumari hamna gundi. Inawezekana kabisa hata huo ulionao si wa kwanza. Kinachonipa wasiwasi ni kucheza kwake, maana maji yanaingia kwenye ufa na kutu inafanya kazi gizani ambako huoni. Mwambie seremala auvute taratibu, agonge kwa kipande cha mti kutoka upande wa pete, asitumie nyundo ya chuma moja kwa moja. Mkia ukiwa mzima hata kama umechakaa, atengeneze mpini mpya wa mti mkavu uliokaushwa vizuri, na mdomoni pale chuma kinapoingia mzibe na nta ya nyuki. Mpini wa zamani hifadhini, huo ndio mume wako aweke kwenye fremu akitaka.

Maana tukija kwenye hiyo fremu, namwelewa shemeji na nia yake ni njema. Lakini fremu ya kioo Dar, na hewa yetu hii, inafungia unyevu ndani na mtakuja kugundua kutu baada ya miezi mkiwa mnadhani mmekihifadhi. Halafu kuna jambo moja ningependa umwambie. Japani wana sheria ya mwaka 1974 inayotambua kazi za mikono za jadi, leo zimetambuliwa zaidi ya 240, na visu vya Sakai, mji ulio jirani kabisa na Osaka mlipokuwa mnaishi, viliingia mwaka 1982. Kati ya masharti ya kutambuliwa, mbali na ufundi kuwa na umri wa karibu miaka 100 au zaidi, ni kwamba kitu kiwe kinatumika kwenye maisha ya kila siku. Chombo cha kutazamwa tu hakipiti. Hao wa Sakai walipata jina kwa visu vya kukatia tumbaku baada ya Wareno kuileta tumbaku Japani, serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani ya wakati huo, ikawapa muhuri wake, na baadaye mwaka 1876 watu walipokatazwa kutembea na panga kiunoni wahunzi wengi wa panga nchini wakahamia kwenye vifaa vya nyumbani. Kazi yenyewe imegawanywa mpaka leo, mmoja anafua, mwingine anatoa makali, mwingine anaweka mpini, na ufundi unashuka kwa watoto au kwa mwanafunzi aliyekaa miaka na bwana wake.

Kwa sababu hiyo hiyo yale maandishi yasikupe matumaini makubwa ya pesa. Mara nyingi jina lililochongwa ni la duka au mfanyabiashara aliyeuza, siyo la aliyefua. Yapige picha umtumie mama mkwe, atakusomea kwa dakika moja, na kama ni jina la mhunzi mkubwa utajua. La sivyo kisu kizee cha duka la samaki kinaweza kuuzwa rahisi kuliko kipya. Wewe huuzi, kwa hiyo sioni tatizo.

Ushauri wangu ni mkitumie, kwa masharti. Samaki wa soko la Feri, changu, kolekole, vibua wakubwa, sawa. Mifupa ya mbuzi hapana, nazi hapana, samaki aliyeganda kwenye friza hapana kabisa, hicho chuma kigumu kinameguka. Ubao wa mti au plastiki laini, siyo wa kioo wala juu ya marumaru. Ukimaliza kioshe kwa maji ya uvuguvugu, kifute, kipanguse tena na kitambaa kikavu, na ukijua hutakigusa siku kadhaa kipake mafuta kidogo. Japani wanatumia ya kamelia, hapa nunua mafuta ya parafini ya kunywewa yale ya duka la dawa. Ya nazi yanafaa kwa siku chache kama ni yale safi ya dukani, ya kukamua nyumbani yanabaki na maji ndani yake. Ya alizeti yakikaa yananata kama gundi, acha. Na usikifungie kwenye mfuko wa plastiki wala ala ya ngozi.

Kuna hali ambazo usijaribu mwenyewe: ukiona ufa kwenye chuma unaoanzia kwenye makali, ukiona ule mstari wa vyuma viwili umeanza kuachana, pengo likizidi milimita mbili, kisu kikiwa kimepinda, au mkia ukitolewa mpini unamong'onyoka mkononi. Hapo tafuta mpishi wa mgahawa wa Kijapani au wa hoteli inayotengeneza sushi, umuonyeshe ana kwa ana, muulize ananoaje. Akikuonyesha mawe ya maji endelea naye, akielekea kwenye mashine chukua kisu chako uondoke. Kukituma Japani kwa posta kunawezekana lakini gharama, forodha na mlolongo wa kusafirisha kitu chenye makali unachosha, mimi ningesubiri safari yenu ijayo, kikafungwa vizuri kwenye begi la kupakia chini, siyo la mkononi, na maduka ya Sakai yapo yanayopokea visu vya zamani kuvirekebisha.

Binti mwenye miaka sita deba ni nzito kwake, mwache kwanza na kisu kidogo chenye ncha butu. Anachoweza kufanya sasa hivi ni kukikausha kisu na kukipaka mafuta kwenye mgongo wake, wewe ukiwa umeshika mpini. Na tumpe ukweli mume wako pia: kisu hiki kila kikinolewa kinapungua, mpaka binti akikipokea kitakuwa chembamba na kifupi kuliko hivi, kama ambavyo bila shaka ulivyokipokea wewe si saizi aliyokinunua babu.